Kisigino cha Soksi

Kesho yake tungepiga kura kama vijana wa Australia walazimishwe kwenda kumpigania Mfalme wa Uingereza vitani huko Ufaransa. Ndani ya tramu ya Melbourne, Bi Tregear wa mtaani kwetu alikuwa akifuma soksi ya askari. Mama aliyeketi kando yake alivaa beji ya "Hapana". Nikajifanya natazama dirishani.

"Mfalme anatuita, mama, nawe unakataa? Wewe si Mwingereza?" akauliza Bi Tregear.

"Mimi nimezaliwa hapa, dada. Wanangu wawili walikwenda kwa hiari, mmoja kazikwa huko. Huyu wa mwisho mniachie."

"Na wangu aliyebaki kwenye matope ya mahandaki, nani atampokea zamu?"

Yule mama akaitazama soksi. "Umeacha fundo kisiginoni. Litamchubua. Marehemu mwanangu aliteswa sana na mafundo."

Akaichukua, akafumua kisigino, akakifuma upya huku tramu ikitutikisa.

"Kesho ni Hapana vilevile," akasema akiirudisha.

"Na mimi ni Ndiyo," akajibu Bi Tregear, akiupitisha mkono wake ndani ya soksi, akipapasa kisigino.

Tramu iliposimama, Bi Tregear alimshikia yule mama kapu lake mpaka akashuka salama.