Fundi Tadei na Jina Alilotaka Lizikwe Naye

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Padri, wazee wetu shikamooni, majirani, na ninyi mliotoka Kidatu, Sanje na Kisawasawa kuja kutusindikiza, familia, kupitia kwangu mimi mdogo wake marehemu, inawaomba mtulie na kusikiliza mpaka mwisho, kwa sababu marehemu mwenyewe alisimamia kuandikwa kwa historia hii, na alikataza isipakwe rangi.

Marehemu Tadei Evaristo Mponda alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956 katika kijiji cha Kisawasawa, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Evaristo Mponda na Mama Restituta, wote wawili wametangulia mbele za haki. Alianza shule ya msingi hapo hapo kijijini mwaka 1964, akamaliza darasa la saba mwaka 1970, na kusoma kwake kwa darasani kukaishia hapo, ingawa wengi mliomwona akipekua magazeti na vitabu vya ufundi mlidhani alifika mbali.

Mwaka 1974 alipata kibarua cha kubeba vyuma kwenye mashamba ya miwa kule Kidatu, akawa anawatazama mafundi wa kuchomelea, jioni wakiondoka anaokota vipande na kujaribu kuchomelea, na kwa kuwa hakuwa na mwalimu wa kumwonya, siku moja mwaka 1978 alitazama mwale wa kuchomelea kwa macho matupu, akalala siku tatu na kitambaa usoni akihisi amemwagiwa mchanga ndani ya macho. Alipona, akawa fundi kamili, na mwaka 1994 alifungua banda lake hapa Ifakara, ambapo mageti mengi mnayoyafungua kila asubuhi yalitoka mikononi mwake, na mteja aliyeleta chuma kibovu aliambiwa kibovu, akinuna anune.

Tarehe 20 Juni 1981 alifunga ndoa takatifu na Katarina, ambaye ameketi hapa mbele yenu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Alphonce, Digna, na Herieth aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1990. Sasa hapa kwa Herieth ndipo marehemu alipotaka tukae kidogo.

Mwezi Mei mwaka 1999 mpunga ulikuwa umeiva, na kama mjuavyo msimu huo watoto wote wa bonde hupanda juu ya dungu, kile kichanja cha miti, kuamia ndege wasile mpunga, wakipiga madebe na kurusha kombeo, na Herieth akiwa na miaka tisa alipewa dungu lake kule Kisawasawa, akakaa tangu alfajiri bila kuteremka hata kunywa maji. Kwelea kwelea walishuka kwenye pembe ya mbali ya shamba wakiwa kundi kama moshi, watoto wa madungu ya jirani wakapiga kelele, yeye akageuka huku na huku hajui arushe upande gani, na marehemu alipofika alikuta pembe ile imebaki makapi. Alimteremsha mtoto akamchapa mbele ya watu wa mashamba manne, na huku akimchapa akamwita Mfuga Ndege. Mtoto alilia akisema, "Baba, sikuwaona!" naye akamjibu kwamba hata kipofu angewasikia.

Jina likashika. Lilimfuata kisimani, likamfuata shuleni, watoto wenzake wakimuuliza, "Mfuga Ndege, leo umewalisha madebe mangapi?" na watu wazima nao wakicheka badala ya kukemea, na wako hapa hapa msibani, wanajijua.

Mwaka 2002 mwalimu wake wa darasa la sita aligundua kwamba Herieth hakuwa anasoma ubaoni bali ananakili kwa jirani yake, akamwandikia mzazi ampeleke hospitali, na kule ikaonekana macho yake hayaoni mbali hata kidogo, hatua kumi tu mbele yake mtu alikuwa kivuli. Alipewa miwani minene, akafaulu, akasoma uuguzi na ukunga, akaanza kazi ya kwenda na pikipiki kuhudumia akina mama kwenye vijiji vya bondeni. Baba yake alinunua miwani ile bila kusita, lakini kuhusu zile fimbo hakusema neno.

Mwaka 2019 Herieth aliwaambia wazazi wake kwamba mvua ikimkuta njiani miwani inakuwa ukungu mtupu, na akiwa anazalisha inateleza kwa jasho, hivyo anataka kwenda Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa macho kwa mwanga wa leza. Marehemu aliwaka. Aliita kikao cha familia, akasema moto wa jicho anaujua yeye, hakuna wa kumfundisha, na kwamba huko ni kumchomelea mtoto jicho mchana kweupe, na maneno hayo akayatembeza mpaka Sanje. Herieth akamjibu kwa heshima, lakini hakurudi nyuma, akamwambia, "Baba, twende wote, ukamuulize daktari mwenyewe, akikudanganya tunageuza." Basi akaenda, na wala hakwenda kumsindikiza mtoto, alikwenda kumkamata daktari.

Daktari Edna hakuudhika. Alichora jicho kwenye karatasi, akamweleza kwamba mbele ya jicho pana kioo laini kinachoitwa konea, ambacho kazi yake ni kuupinda mwanga ili picha itue kwenye pazia la nyuma ya jicho, na kwa mtu kama Herieth jicho ni refu au kioo kimebinuka mno, mwanga unakutana kabla haujalifikia pazia, na picha inafika imekuwa ukungu. Marehemu aliuliza moto unaingilia wapi. Akaambiwa leza inayonyoosha kioo haiunguzi kama mwale wa kuchomelea, ni mapigo mafupi ya mwanga usioonekana, kila pigo linaondoa utando ulio mwembamba mara nyingi kuliko unywele, pembeni pakibaki salama, na kompyuta inalifuata jicho na vipimo vyake, katikati ya kioo panapungua ubinuko, mwanga unasogea nyuma na kutua panapostahili. Kwanza jicho linatiwa dawa ya ganzi, ngozi nyembamba ya juu inafunuliwa kama ukurasa wa kitabu, leza inafanya kazi isiyofika dakika moja, ukurasa unarudishwa na kujishika wenyewe bila uzi.

Marehemu akasema, "Kumbe si kuchomelea, ni kupiga tupa, kusugua kidogo kidogo." Daktari akacheka, akasema ndivyo, tena tupa ambayo haina nafasi ya kurudisha kilichotoka, ndiyo maana wanapima kwanza, na mwenye konea nyembamba, au mjamzito, au ambaye namba ya miwani yake bado inabadilika, wanamrudisha nyumbani. Hapo marehemu akauliza na yeye je, anaweza kufanyiwa. Akaambiwa hapana, kwani shida yake ni umri na mtoto wa jicho anayeanza, na leza hii haitamsaidia. Alituambia baadaye kwamba hapo ndipo alipomwamini daktari, kwa sababu fundi anayekataa kazi isiyomfaa mteja ndiye fundi.

Herieth alifanyiwa upasuaji tarehe 7 Mei 2019. Siku ile macho yalimwasha na kutoa machozi, kesho yake akasoma herufi za ukutani, na baada ya wiki moja daktari akawaruhusu wakapanda basi kurudi. Walipofika Sanje akamwonyesha baba yake uzi mweupe wa maporomoko kule juu mlimani, na walipofika Kisawasawa, kwenye mashamba ya mpunga uliokuwa umeiva, akasema, "Baba, ndege wanashuka, kule pembeni." Marehemu alikodoa macho, asione kitu, mpaka basi lilipokaribia ndipo akaliona kundi likiinuka. Walipofika Ifakara, alipoingia tu nyumbani alimwambia mkewe, "Nilimchapa mtoto kwa macho ambayo hakuwa nayo."

Alimwomba Herieth msamaha siku ile ile, na Herieth akamwambia yameisha. Kwake hayakuisha. Alirudi Sanje nyumba kwa nyumba kuyafuta maneno yake juu ya leza, hilo aliliweza, lakini jina la Mfuga Ndege alishindwa kulifuta, alisema fimbo zilipigwa mbele ya watu na msamaha lazima uombwe mbele ya watu, na kila alipopanga kusimama baada ya misa, aliahirisha mpaka Jumapili nyingine. Mtu asiyeogopa kumwambia tajiri chuma chako kibovu aliliogopa hilo miaka sita.

Mwaka 2023 alianza kuugua figo, akatibiwa hapa Ifakara, akapata nafuu na kuzidiwa kwa vipindi, huku Herieth akimsafisha na kumpa dawa kwa saa zake. Mwezi Agosti mwaka huu aliiagiza familia kwamba yaliyosomwa hapa yasomwe, na kwamba kusipokuwa na mtu wa kuyasoma azikwe kimya kimya, asisifiwe kwa lolote. Alifariki dunia tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, Herieth akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Daktari Edna aliyemvumilia, mafundi wenzake waliotengeneza msalaba wa chuma bila kuombwa, na majirani waliopika na kulala hapa tangu Jumanne.

Herieth, simama mama, watu wakuone. Baba yako anasema mbele ya watu wa mashamba manne na wengine wote kwamba hukuwa mvivu, ulikuwa juu ya dungu tangu alfajiri, na aliyekuwa haoni siku ile ni yeye. Jina lile alilitoa yeye na leo analichukua, linashuka naye kaburini, na yeyote atakayelitamka tena ajue amelifukua.

Kaka Tadei, yamesemwa kama ulivyotaka, na binti yako amesimama, anatuona wote mpaka wa nyuma kabisa. Pumzika kwa amani.