Cyprien Zihindula na ukuta uliofutwa kwenye picha

Baba padri, wazee wa ukoo, majirani wa Kadutu, wafanyakazi wenzake, na ninyi nyote mliopanda matope haya kuja kulia pamoja nasi, mimi ni Eulalie, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kwa sababu, walisema, sauti yangu haitetemeki. Ni kweli haitetemeki, lakini leo si kwa ushujaa, ni kwa karaha, kama mtakavyosikia tukifika mbele.

Cyprien Zihindula alizaliwa Mudaka, katika Kabare, tarehe 14 Septemba 1971, mtoto wa nne wa papa Jean-Baptiste, mkulima aliyejua pia kujenga, na maman Madeleine, ambao wote wawili wametutangulia, akabatizwa mwezi uleule, na tangu utoto wake alikuwa na tabia ya kutoka nje mvua ikinyesha, siyo kucheza kama sisi wengine, bali kuangalia maji yanapita wapi, akirudi amelowa na kuchapwa na maman, na kesho yake akitoka tena.

Alisoma shule ya msingi palepale Mudaka kuanzia 1977 hadi 1983, kisha akateremka Bukavu kwa masomo ya sekondari, sehemu ya ujenzi, akilala nyumbani kwangu Kadutu na kumaliza sufuria zangu bila aibu, akapata diploma ya serikali mwaka 1990, akaenda Kinshasa kusomea usanifu wa majengo, akamaliza mwaka 1997, na wakati wenzake wengi walitafuta njia ya kwenda mbali zaidi, yeye alirudi nyumbani na michoro yake kwapani, akisema kwamba nyumba za milimani zinahitaji mtu aliyezaliwa mlimani.

Alianza kazi Februari 1998 katika ofisi ndogo ya michoro kule Ibanda, mtaa mwingine wa mji wetu, akichora kwa penseli na rula, na mikono yake imeacha shule moja kule Walungu, na zahanati moja kisiwani Idjwi, ambako alivuka ziwa kwa pirogi ya mota akiwa amekumbatia michoro ndani ya mfuko wa plastiki, na ambako bati lilimkata juu ya jicho la kushoto na kumwachia lile kovu mnalolijua. Majengo hayo hayana sura ya kuvutia sana, nasema kweli mbele ya jeneza lake, lakini yamesimama na hayavuji.

Tarehe 4 Agosti 2001 alifunga ndoa takatifu na Carmel, binti wa Walungu, aliyekuja kuangalia shule ikijengwa na kumwambia kwamba madirisha ni madogo, na alikuwa na haki, madirisha yakapanuliwa, na ndoa ikafuata. Mungu aliwajalia watoto wawili, Fabiola mwaka 2003 na Josué mwaka 2007, ambao leo wameketi hapa pembeni ya mama yao.

Mwaka 2008 alinunua kompyuta na kuweka ndani yake programu ya kuchora nyumba na kutoa picha yake kabla haijajengwa, akafurahi kama mtu aliyeoa mara ya pili, lakini furaha ile haikudumu, kwa sababu alichokitaka kwenye programu hakikuwa kikubwa, nacho ndicho hakikuwemo. Alitaka imwonyeshe mlima ulivyo, na mvua ya Novemba inaposhuka itaingia kwa nani, na jua la saa kumi litafika jikoni au halitafika, na tofali la kuchoma la Bukavu lionekane tofali la kuchoma, siyo marumaru. Programu ilikuwa na aina nyingi mno za miti ya Ulaya, na magari ya kila rangi, na watu warefu weupe wanaotembeza mbwa kwa kamba, lakini haikuwa na hata mwanamke mmoja aliyebeba kitu kichwani. Zaidi ya yote, alilalamika kwamba unaweza kuondoa ukuta wa kuzuia udongo kwa kidole kimoja, na jengo likabaki limesimama linang'aa, kwa sababu kwenye kompyuta nyumba haianguki, na mtu asiyejua akiona hivyo anadhani ukuta ulikuwa wa pambo tu.

Kuhusu watu wa kwenye picha alijisaidia mwenyewe, akawapiga majirani picha mmoja mmoja na kuwaingiza katika michoro yake, akisema kwamba mchoro usio na mtu hauna kipimo, na ndiyo maana Maman Adèle, anayeuza sambaza, vidagaa vya ziwa letu, na anayekaa chini kabisa ya mteremko wetu, alijiona siku moja akitembea na beseni lake mbele ya maduka ambayo bado hayajajengwa, akacheka hadi akaketi.

Maduka hayo ndiyo jengo la ghorofa sita ambalo Cyprien alipewa mwaka 2021 kulichora hapa juu, kwenye mteremko huu, na mwenye jengo simtaji jina kwa heshima ya jeneza, ingawa yupo, ameketi kiti cha mbele. Cyprien alichora jengo, na nyuma yake akachora ukuta mnene wa mawe na mifereji miwili ya kuteremsha maji bila kugusa nyumba za walio chini, akatoa picha, na mwenye jengo akaiangalia na kusema, 'Ondoa ule ukuta, iko inaharibu picha, na hawa bamama banachafua.' Cyprien alikataa. Basi picha ikapelekwa kwa watu wengine wenye programu ileile na roho nyepesi zaidi, wakafuta ukuta, wakafuta mifereji, wakafuta mlima wenyewe na kuweka majani mabichi na ziwa ambalo kutoka pale halionekani hata ukipanda juu ya bati, wakamfuta Maman Adèle na beseni lake, wakaweka wale watu na mbwa wao.

Picha ile ikapandishwa barabarani kwenye kibao cha matangazo, na chini yake, kwa herufi kubwa, jina la ndugu yangu. Cyprien alikwenda mara nyingi kuomba jina lake litolewe, akaambiwa kwa uso mkavu kwamba jina linawatuliza wanunuzi. Maman Adèle naye alisimama mbele ya kibao akajitafuta, akamwuliza, 'Architecte, mimi niko wapi?' na Cyprien akaja kunisimulia jambo hili akiwa ameshika kichwa. Jengo sasa limefika ghorofa ya nne, ukuta hakuna, na mvua mnaisikia.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 alianza kuugua shinikizo la damu, kisha figo, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, na hata kitandani aliendelea kuchora ule ukuta upya, mwembamba zaidi, wa bei ndogo zaidi, akitumaini kwamba yule bwana angekubali angalau nusu. Michoro hiyo ilifikishwa kwake, haikujibiwa. Cyprien alifariki Jumanne tarehe 22 Oktoba 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Carmel, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Sasa, wapendwa, naomba mnivumilie, kwa maana hapa historia ingepaswa kuishia, lakini jana, tukiwa tunapanga viti, gari lilifika na kushusha bâche kubwa, turubai la plastiki lililochapwa picha ya marehemu, zawadi ya mwenye jengo, ili itundikwe nyuma ya jeneza kama desturi yetu ilivyo. Juu yake palikuwa na mwanaume mweupe kuliko Cyprien alivyokuwa, nywele nyeusi tii, kovu limefutwa, amevaa suti ambayo hajawahi kuwa nayo, amesimama akitabasamu mbele ya jengo lililokwisha, lenye majani mabichi na ziwa. Carmel aliitazama, akageuka, akaniuliza, 'Huyu iko nani?' Nimeishi miaka mingi, nimeona watu wakila kwenye kilio na kubeba nyama kwenye mifuko, lakini mtu kuja kutangaza maduka yake kwenye maiti ya aliyemkataa, hilo sijawahi kuliona, na ninalisema kwa sauti ili asiwepo wa kusema kwamba hakusikia.

Picha mnayoiona hapa mbele imeletwa na Fabiola. Cyprien ni mdogo ndani yake, yuko pembeni, na buti zina matope, ameshika kijiti cha kupimia chini ya mteremko, na aliye karibu naye mwenye beseni ni Maman Adèle. Kovu lipo.

Familia imekaa jana usiku na kukubaliana jambo moja, nami nimetumwa kulisema. Tukitoka kanisani kwenda makaburini, njia yetu inapita mbele ya kile kibao. Gari la jeneza litasimama pale, na sisi wote tutasimama, mvua inyeshe au isinyeshe, mpaka jina la Cyprien Zihindula lishuke, na ngazi tumekwisha kuiazima. Kama mwenye jengo anataka jina lile lirudi, michoro ya ukuta anayo, ajenge, na kabla hajajenga, wanaokaa chini wasilale pale mvua ikiwa kubwa, milango yetu ya huku juu iko wazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka hata pale umeme ulipokatika, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa ofisi ya michoro, ambao hakuna hata mmoja kati yao aliyekubali kufuta ule ukuta, tunawashukuru majirani, na hasa akina mama wa chini ya mteremko, ambao wamepika tangu Jumanne na ambao mchana huu ndio watakaobeba jeneza pamoja na wanaume, kwa ombi lao wenyewe. Mwenye jengo pia tunamshukuru kwa bâche yake, ni nzito na haipitishi maji, akina mama wameigeuza uso chini na kufunika makaa ya kupikia.

Cyprien, mdogo wangu, nenda ukapumzike kwa amani, jina lako tunakuja nalo.