Gramu Mbili za Chumvi

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya duka la Kinyozi, na muuza kahawa hutukuta hapo kila asubuhi kabla kazi hazijachanganya. Siku zote tuko wanne: Kinyozi mwenyewe, mimi ninayetengeneza redio, Fundi Cherehani wa mlango wa pili, na Mzee Mizani, aliyepima magunia ghalani miaka thelathini mpaka akastaafu. Asubuhi hiyo Fundi alikuja na mfuko, akatoa majagi mawili ya kupimia, mzani mdogo wa jikoni na pakiti ya chumvi, akavipanga kwenye benchi. Hakusalimia.

Kwamba mkewe figo zimechoka, tulikuwa tunajua. Daktari alikuwa ameagiza chumvi isizidi gramu mbili kwa siku, na vinywaji vyote, chai, uji, mchuzi, hata maji ya kumezea dawa, visizidi lita moja. Fundi ni mtu wa vipimo, suruali aliyoishona hairudi. Aliona hiyo kazi anaiweza.

— Majagi haya nimeyanunua rafu moja, siku moja, akasema. Nimejaza hili mpaka mstari wa lita, nikamimina kwenye lile. Maji yamepita mstari kwa kikombe kizima cha kahawa. Sasa nimwamini nani?

Kinyozi akasema kipimo cha kweli ni chupa ya maji ya dukani, maana kiwandani hawabahatishi. Fundi akamjibu kwamba ameshajaribu. Chupa haikupatana na jagi lolote. Mzee Mizani akauvuta ule mzani, akatia chumvi kidogo. Sifuri. Akaongeza. Sifuri. Alipoongeza mara ya tatu ukaruka moja kwa moja mpaka tano. Akausukuma pembeni, akasema mashine za siku hizi hazina adabu, kiganja chake kimepima kuliko ghala zima. Akamimina chumvi kiganjani, akafumba macho.

— Gramu mbili hizo.

Kinyozi akabisha, akasema gramu mbili ni kizibo cha soda kilichosawazishwa kwa wembe. Mimi nami, sijui nilipatwa na nini, nikajitolea kuchomoa springi kwenye redio mbovu niunde mzani wangu. Tukaishia kuvuka barabara hadi kwa sonara. Kwenye mzani wake wa dhahabu, kiganja cha Mzee kilikuwa na gramu tisa, kizibo cha Kinyozi saba. Tena sonara akaishika ile chumvi, akasema imevuta unyevu, kwa hiyo hata hizo namba tusizishike sana.

Tulirudi tunacheka. Fundi hakucheka.

— Wiki iliyopita mke wangu alivimba miguu mpaka magoti, akasema taratibu. Pumzi ikawa haitoki, tukamkimbiza hospitali. Wakaniuliza anakunywa kiasi gani. Nikasema lita moja, nikaapa. Kumbe nilikuwa napimia hili jagi kubwa, ambalo lita yake inazidi. Anaomba maji, mimi namnyima, huku namjaza kwa mkono wangu mwenyewe.

Mzee Mizani alianza kusema kitu, akaishia kukohoa.

Wakati huo mama mmoja alikuwa amesimama ubavuni mwetu na gauni la kupunguza mkononi, akimsubiri Fundi. Sikujua amesikia mangapi. Akamwuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia:

— Samahani, baba. Akipimiwa sawasawa, atapona?

Kinyozi akatazama mlango wa duka lake. Mimi nikatazama vidole vyangu. Muuza kahawa aliinua birika, akatuzungushia macho mmoja mmoja. Hakuna aliyesogeza kikombe.

Fundi alilivuta lile jagi kubwa, akaliweka mapajani.

— Hilo sikumwuliza daktari, akasema mwishowe. Niliuliza vipimo tu.

Akainuka, akapokea gauni la yule mama, akaingia nalo ndani.