Fundi Aliyeushonea Mtaa Paa

Asiyetaka kuamini asiamini, ruksa, lakini mama mnayemzika leo aliwahi kuulaza mtaa mzima chini ya paa alilolishona kwa cherehani, na mimi niliyepewa kazi ya kusoma historia yake, niliyeitoroka shule mapema na bado nasoma vizuri kuliko nyie mnaocheka huko nyuma, nilikuwemo.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, nyuma ya kiwanda cha mkate, akasoma shule ya msingi iliyo jirani hadi mwaka 1964, akajifunza ushonaji kwa shangazi yake, na mwaka 1972 akafungua chumba chake cha kazi pale kwenye kona, akawashonea nguo za harusi wengi mliopo hapa, mkiwa na viuno ambavyo leo sitavitaja. Tarehe 10 Agosti 1974 alifunga ndoa na dereva wa lori, aliyefariki mwaka 1998. Kwenye watoto naruka kwanza.

Tarehe 17 Aprili 2003 mto ulivunja kingo ukazibeba nyumba za mtaa wa chini, na cherehani yake ikachimbuliwa kwenye tope na kinyozi na muuza mkaa, wakaisafisha kwa mafuta ya taa huku wakibishana nani aliiona kwanza. Msaada ulipofika, kila familia ilipewa turubai moja, dogo, ukifunika kichwa miguu inalowa, naye akayakusanya yote akayaunganisha, na kinyozi alipofoka, "Sasa Fundi, la kwangu nitalijuaje?" akamjibu, "Mvua ikinyesha, tazama juu." Chini ya paa hilo watu walipika pamoja, wakagombana, wakanuniana bila pa kwenda kununia, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuhama na kipande chake, wakajenga nyumba zote kwa zamu, na kila nyumba ilipoezekwa, Fundi alifumua kipande kimoja akamkabidhi mwenyewe, chake kikawa cha mwisho.

Moyo ulianza kumsumbua Februari mwaka huu, akalazwa mara mbili, akafariki asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2025. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, na majirani mliorudisha vipande vyenu, vingine vimetoka bandani na manyoya ya kuku, ili niliunge upya turubai hili mlilokaa chini yake, kazi ambayo, sijisifu, hamna mwingine angeiweza.

Sasa pale niliporuka. Wazee waliniambia niseme hakujaliwa watoto, mdomo ukakataa, maana mafuriko yale yaliniacha mchanga, bila baba wala mama, nikalazwa kwenye kapu la vitambaa chini ya meza yake, nikakulia hapo, na kwa kuwa mtaa mzima ulimwita Fundi, nami nikajifanya mkubwa, nikamwita hivyo hivyo hadi juzi. Basi historia isomeke hivi: ameacha mtoto mmoja, mwenye maneno mengi.

Mvua imeanza, mnaisikia, na hakuna aliyelowa. Pumzika, mama, mishono imeshika.