Historia ya Nahayo Épitace, Mpakiaji wa Magunia

Wachungaji, wazee, majirani wa kambi hii ya Dzaleka nanyi mliotoka Mtandire, mjini Lilongwe, naitwa Ndayisenga, kaka mkubwa wa marehemu, yule mwenye mdomo, niliyepita nchi tano na kurudi na utani peke yake, na leo familia imenipa karatasi hii niisome, nami naisoma kwa aibu.

Ndugu yetu Nahayo Épitace alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 huko Gatara, Kayanza, nchini Burundi, mtoto wa nne wa Mzee Faustin na Mama Béatha, akasoma hapo mpaka vita ya mwaka 1993 ilipomkatiza, akamalizia darasa la saba kambini Tanzania, ambako mtihani alioufaulu yeye mimi niliufeli, tukiwa dawati moja.

Mwaka 2008 alifika hapa Malawi, kambini Dzaleka, akafyatua matofali, na kuanzia 2016 akawa mpakiaji wa lori la vitunguu linalotoka Dowa kwenda masoko ya Lilongwe, na njia nzima alikaa juu ya magunia, si kwa kupenda upepo, bali mwenye lori alitaka yalindwe yasivutwe na wezi. Tarehe 20 Agosti 2011 alikuwa amefunga ndoa na Fidès Bukeyeneza, Mungu akawajalia batoto batatu, Arakaza, Kelly na Tuyishimire.

Mahali pa ugonjwa sina cha kusoma, maana hakuugua. Jumanne tarehe 11 Machi 2025, karibu na mtaa wa Area 49, lori lilifunga breki ghafla, akaanguka kutoka juu, akafariki hospitalini Lilongwe saa nane mchana.

Hapa njo penye aibu. Pale hospitalini askari wa trafiki alituuliza, sisi ndugu na mwenye lori, kama alikuwa abiria au alikuwa kazini, na sisi, ambao tunafundisha hata watoto kwamba ukiulizwa nje ya kambi useme unatembelea ndugu, kwa kuwa kibali cha kufanya kazi mjini hatuna, tuliangaliana, kisha mimi nikatanguliza Kichewa changu cha kujisifia, nikasema aliomba lifti, mwenye lori akaitikia kwa kichwa haraka kuliko ninavyoitikia sala, na hesabu ya mwaka huu ya waliofia kazini ikapungua mtu mmoja.

Jana mjane alikuta hapa nimeandika "abiria", akanirudishia karatasi, akasema, "Shemeji, we unajua kuchekesha bantu, lakini batoto yangu hawatakua wakisikia baba yao alikufa akiomba lifti, na kesho mwingine atapandishwa juu ya magunia yale yale, andika alikuwa kazini," nikamwambia polisi wataniuliza na mimi kibali changu, akasema, "Basi bakuulize," nami nikachukua kalamu, nikafuta.

Jumatatu tutarudi polisi, mimi na yeye, nikayageuze maneno yangu mwenyewe, na anayemfahamu wakili wa wakimbizi anione baada ya mazishi, maana naogopa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliopika nsima, ugali wa huku, siku zote za msiba, na wapakiaji wenzake, ambao leo wamekataa mtu mwingine asiguse jeneza, zikomo kwambiri, asanteni sana.

Nahayo, mdogo wangu, lala kwa utulivu, ulikuwa kazini.