London hadi Dar kwa Siku Mbili

Mwaka 1954, katika basi la Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, niliketi nyuma ya Bi Thuwaiba, aliyepakata kikapu cha vitumbua. Alikuwa akienda uwanja wa ndege kumpokea mwanawe, ambaye hakumwona kwa miaka minne. "Kaondoka London jana asubuhi," alimwambia mzee aliyekaa ubavuni pake, "na leo alasiri atashuka Dar."

Mzee huyo, Bwanausi, mkulima wa Makurunge, alicheka kwa adabu. "Bibi, mimi nilipokwenda kuhiji nilikaa melini siku kumi na mbili, na London ni mbali kuliko Jedda. Rudi nyumbani, uje wiki ijayo." Bi Thuwaiba akamjibu kwamba ndege haipiti baharini. "Hata angani, maili ni maili," akasema Bwanausi. Mimi nilikuwa sijapata kuvuka Lugoba, basi sikujua nani mkweli.

Karibu na mto Mpiji basi likazama mchangani. Bi Thuwaiba akaanza kulia kimya kimya. Bwanausi akaifunga kanzu kiunoni, akawa wa kwanza kushuka kusukuma. "Leo hafiki," alimwambia kupitia dirishani, "lakini asije akafika akakukosa."