Susu la Bi Mwanamkisi: Maisha ya Douglas Kiptoo

Ndugu wa damu, ndugu wa dini zote mbili, na majirani mliovuka maji kutoka kisiwani Amu asubuhi hii: tunayemzika leo hapa Hindi, upande wa bara, aliishi kwa kusikiliza. Ni haki yake naye asikilizwe, kwa sababu miaka yake miwili ya mwisho alisemwa vibaya na hakujibu.

Douglas Kiptoo alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 karibu na Iten, mtoto wa tatu wa Mzee Elijah Kiptoo na Mama Tabitha, ambao wametangulia. Dada yake Jeruto, anayewasomea maneno haya, anakumbuka kwamba alikuwa akikaa zizini amefumba macho na kutaja jina la ng'ombe anayecheua. Hakukosea ila mara moja, na siku hiyo ng'ombe alikuwa mgonjwa.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao, sekondari Eldoret, kisha akahitimu ufundi wa mitambo ya sauti jijini Nairobi mwaka 1991.

Alifika Lamu mwaka 2004 kwa kazi ya miezi mitatu ya mitambo ya redio, asirudi tena. Mwaka 2011 alifungua studio yake Wiyoni. Fahari yake ilikuwa maikrofoni ya utepe. Ndani yake mna kipande cha alumini chembamba kuliko karatasi ya sigara, kimening'inia kati ya sumaku. Pembe na zumari, ambazo maikrofoni nyingine huzifanya zichome masikio, hii huzipokea kwa upole. Ila haivumilii kutikiswa. Hatua ya mtu sakafuni yatosha kuingia ndani ya wimbo.

Tarehe 9 Desemba 2006 alimwoa Nerea, mwalimu wa Kiswahili na Historia, ambaye leo ni mwalimu mkuu mwenye shahada ya uzamili. Mungu aliwajalia Chelangat na Kiprono. Katika nyumba hiyo hakuna aliyewahi kuitwa mzembe, wala mkatili, mpaka mwaka 2023.

Januari ya mwaka huo Bwana Idarus wa Mkomani alimwomba marehemu arekodi nyimbo za vugo za nyanya yake, Bi Mwanamkisi, zile ambazo wanawake huimba arusini wakipiga pembe kwa vijiti. Bi alikuwa na miaka themanini na nne na moyo wake ulikuwa dhaifu. Walipatana kwamba nyimbo zitatoka, lakini maneno mengine yoyote ya wanawake chumbani yatabaki ya nyumba ile. Marehemu aliahidi, akaketi nje ya pazia na vipokea sauti vyake vya masikioni.

Maikrofoni ile hufungwa katika kishikio cha mipira inayopishana, ili mtikisiko wa sakafu uishie kwenye mipira. Bi Mwanamkisi alipokiona alisema, "Kumbe ni susu! Sisi twaning'iniza mboga, wewe waning'iniza sauti." Jina la wavu ule wa jikoni likabaki. Susu alilolichagua marehemu siku hiyo lilikaa barabara kwenye umbo la maikrofoni. Alipima unene, hakupima uzito. Kadiri wanawake walivyoimba na kukanyaga kwa pamoja, mipira ililegea, hata chuma kikalalia chuma. Chini ya kila wimbo pakasikika kishindo.

"Bwana Douglas, nani atasikia hayo?" Idarus aliuliza. "Arusini pembe zinalia, wali unaliwa."

"Nyanya yako atasikia."

"Nyanya ana miaka themanini na nne!"

"Ndiyo maana."

Alikwenda kumwambia Bi mwenyewe, akaketi nje ya pazia, akamwomba radhi. Bi alivaa vipokea sauti akasikiliza.

"Hii du, du, ni nini?"

"Ni miguu yenu, Bi. Kosa ni langu. Susu halikuweza uzito."

"Umefunga nyama kwa uzi wa kushonea," akasema Bi, na binti yake, Bi Esha, aliyekuwa naye chumbani, akacheka. "Nakwenda zangu, Daglasi, lakini siendi na kishindo. Ndoo urekodi tena, mara moya, na susu la haki."

"Daktari amekukataza, Bi."

"Amenikataza ngazi. Hakunikataza kuimba."

Marehemu alirudi nyumbani bila kukubali. Hakukubali mpaka Bi Esha alipokwenda mwenyewe kumwomba.

Wiki hiyo studio ya Wiyoni haikuwa na amani. Alijaribu mpira wa mshale wa kuvulia samaki, ukawa mgumu, kishindo kikapita chote. Jumapili mkewe aliinuka kwenda kanisani, sketi ikamteremka. Lastiki haikuwamo.

"Douglas!"

"Ni laini mno," alijibu kutoka studio. "Lakini nikiikunja mara mbili, mama, nadhani itafaa."

Ilifaa. Aliipisha juu na chini, akaning'iniza pakiti ya sukari yenye uzito wa maikrofoni, akaiacha hadi asubuhi aone kama itashuka. Haikushuka. Bi Mwanamkisi aliimba tena, na chini ya sauti yake hapakuwa na kitu ila kimya.

Wiki iliyofuata alifariki.

Katika uchungu wake Bwana Idarus alisema maneno ambayo mji mzima uliyachukua: "Mtu wa bara amemkamua nyanya yangu pumzi ya mwisho kwa ajili ya mpira." Waimbaji wakaacha kuja Wiyoni. Watoto wakaulizwa shuleni kama baba yao ndiye aliyemwua bibi wa watu. Na jibu lilikuwapo. Baada ya wimbo wa mwisho maikrofoni ilikuwa bado wazi, na Bi anasikika akieleza ni nani aliyetaka kurudia na kwa nini.

"Wasikilizishe," mkewe alimwambia.

"Yale si nyimbo. Niliahidi."

"Na jina la wanao?"

"Halitasafishwa kwa sauti ya mwanamke wa watu."

Novemba 2024 aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo. Alitibiwa Mombasa kwa miezi, akavumilia, akarudi Lamu, na akaaga dunia Jumanne tarehe 3 Juni 2025, mkewe akiwa kando yake. Juma hili wapo jamaa, kwa mapenzi mema, waliotaka sauti ile ichezwe hapa kaburini ili midomo ifungwe. Mjane alikataa. Ahadi ya mume haifi naye. Basi sehemu hii ya wasifu ikabaki tupu.

Juzi Alhamisi Bi Esha alifika Wiyoni. Tangu msiba wa mama yake amekuwa akiishi Pate kwa binti yake, na habari za kifo ndizo zilizompandisha boti bandarini Mtangawanda. Bwana Idarus alimbebea mkoba kutoka gatini, akasimama mlangoni. Bi Esha aliuliza mbona matanga yana watu haba, akaambiwa sababu. Alimgeukia mpwawe.

"Idarus, nani alikwambia nyanyako alilazimishwa? Nani aliwahi kumlazimisha mama yangu jambo? Babu yako alijaribu, akalala barazani!"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha akamshika mjane mkono.

"Nerea, andika. Mama ndiye aliyetaka, na mimi ndimi niliyemwomba mumeo. Maneno ni yetu, nami nakupa."

Walipokuwa wakiondoka Bwana Idarus aliuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, katika majina ya wafiwa, pana nafasi bado?"

Ipo. Marehemu ameacha mjane wake, Nerea. Wanawe, Chelangat na Kiprono. Dada yake, Jeruto. Na nyumba ya Bi Mwanamkisi wa Mkomani, yaani Bi Esha na Bwana Idarus, atakayeshika moja ya kamba nne za kumteremsha.

Mnaoshika kamba, mshusheni polepole. Apumzike kwa amani, pasipo kishindo.